Kabla ya kulaumu mkono, pima mshale wako

Umelenga katikati, umevuta vizuri, umeachilia. Mshale wa kwanza ukapiga juu. Wa pili ukapiga chini. Wa tatu ukatua kando kabisa, na wenzako wakaanza kukucheka. Sasa unataka kuamini kwamba huna mkono wa shabaha. Hebu subiri. Huenda mkono hauna hatia yoyote, ila mishale yako mitatu hailingani.

Upinde si kitu kigeni huku kwetu. Kwenye nyanda za chini za Embu, pande za Siakago na Kiritiri, na kule Tharaka iliyokuwa sehemu ya Meru ya zamani, wazee walijulikana kwa mishale yao. Fundi alichagua ufito, akaukausha, akaunyoosha, kisha akaupima kwa jicho na vidole. Hakuandika hesabu popote, lakini hesabu ilikuwemo. Wawindaji pia walipaka chembe sumu ya mti wa msunguti. Sumu ndiyo iliyoua, kwa hiyo mshale haukuhitaji nguvu za ajabu, ulihitaji tu kufika. Wewe unayerusha kwa mchezo huna haja ya sumu, na usiiguse kabisa. Kufika mahali ulipolenga, hilo bado unalihitaji.

Na mchezo upo. Katika Olimpiki za Rio mwaka 2016, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye sherehe ya ufunguzi alikuwa mrusha mishale, Shehzana Anwar. Pale shabaha huwekwa mita 70, na duara la alama 10 lina upana wa sentimita 12.2 tu. Ikumbuke namba hiyo, tutairudia.

Mishale ya kaboni ya kiwandani huja ikiwa imeshalinganishwa, na hiyo ni sehemu ya bei yake. Kama mfuko wako hauruhusu, mishale ya mbao utailinganisha mwenyewe kwa fizikia ya kidato cha pili na cha tatu. Ile uliyodhani haitakufaa popote.

Anza na kasi. Weka shabaha mita 20, mpe rafiki simu yenye uwezo wa kurekodi mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde. Asimame nyuma yako, kamwe si mbele, aone vidole vyako na shabaha kwa pamoja. Kisha mhesabu picha tangu vidole vinapoachia hadi mshale unapogonga. Tuseme ni picha 120. Hiyo ni nusu sekunde, na mita 20 kwa nusu sekunde ni mita 40 kwa sekunde. Umepima kasi bila kununua mashine.

Sasa jiulize mshale huo umeshuka kiasi gani njiani. Mvutano wa dunia haujali kama kitu kinaenda mbele au kimeangushwa tu, unakivuta vilevile. Zidisha nusu kwa 9.81 kwa muda mara muda: 0.5 × 9.81 × 0.25, unapata mita 1.23. Ndiyo, mshale wako umeshuka zaidi ya mita moja, ila wewe huinua upinde bila kujua na kufidia. Rudi nyuma hadi mita 40. Muda unakuwa sekunde moja, na mshuko unakuwa mita 4.9. Umbali umeongezeka mara mbili, mshuko mara nne. Ndiyo maana mtu anayetamba mita 20 anaweza kuaibika vibaya akisogezwa nyuma kidogo.

Hapo ndipo uzito unapoingia. Upinde uleule ukivutwa vilevile hutoa karibu nishati ileile. Mshale wa gramu 30 ukienda mita 40 kwa sekunde, nishati yake ni nusu ya uzito kwa kasi mara kasi: 0.5 × 0.03 × 1,600, yaani jouli 24. Chukua wa pili wenye gramu 27. Kwa jouli hizo 24 utakwenda karibu mita 42 kwa sekunde, utafika mapema kidogo, na utashuka mita 1.10 pekee. Tofauti ya mishale hiyo miwili kwenye shabaha ni sentimita 12. Ni lile duara la alama 10, lote, limeliwa na gramu tatu! Mizani ndogo ya dijitali ya jikoni inatosha kukuonyesha. Andika uzito kwa kalamu kwenye kila mshale, uipange kwa makundi, na usichanganye.

Juu na chini tumemaliza. Kulia na kushoto ni kesi nyingine, na kwangu ndiyo tamu zaidi. Unapoachia uzi, ufito husukumwa kwa nyuma huku chembe ikizembea mbele, kwa hiyo mshale hujipinda na kuuzunguka upinde, ukichezacheza kama samaki anayeogelea. Ukiwa mgumu mno au laini mno, hautoki sawa.

Kuupima, weka mshale juu ya vishikizo viwili vilivyo umbali wa sentimita 71, kisha ning'iniza gramu 880 katikati. Chupa yenye maji itafanya kazi, mradi uipime pamoja na maji yake. Pima kwa rula ufito umebonyea milimita ngapi. Hicho ndicho kipimo chenyewe ambacho viwanda hutumia: mshale unaoandikwa 500 ni ule unaobonyea nusu inchi, karibu milimita 12.7.

Ikiwa mmoja ni mgumu kuliko wenzake, upige msasa, lakini taratibu. Ugumu wa ufito hufuata unene wake mara nne, yaani unene kwa unene kwa unene kwa unene. Ufito wa milimita 9 ni mgumu kuliko wa milimita 8 kwa asilimia 60 hivi. Milimita moja tu! Ukiwa na papara na msasa utajikuta umetengeneza kijiti cha mishikaki.

Halafu rusha mshale mmoja usio na manyoya pamoja na yenye manyoya, ukiwa mita 15 hivi. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, ule mtupu ukitua kushoto kwa wenzake, ni mgumu. Ukitua kulia, ni laini. Chembe nzito zaidi huufanya ujipinde zaidi, na kuukata ufupi huufanya mgumu.

Kuhusu mizania, ulaze juu ya kidole. Mshale wa sentimita 76 ukitulia kwenye sentimita 46 kutoka nyuma, umeuvuka mstari wa kati kwa 8, karibu asilimia 10. Ni sawa.

Ya mwisho ni ya usalama. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, kwa hiyo usionekane na upinde karibu na hifadhi ya Mwea au mbuga ya Meru ukidai eti unafanya hesabu. Chagua uwanja wenye kilima nyuma ya shabaha. Na kabla ya kila zamu, pinda kila mshale polepole karibu na sikio. Ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje hapohapo, maana ukivunjikia kwenye upinde vipande vitaingia mkononi mwako.