Kinga ya Tumbo la Pikipiki ya Theluji: Kaza Mbele, Legeza Nyuma

Pikipiki ya theluji ina tumbo jepesi kuliko kasi yake. Inua pua yake uchungulie chini: kati ya ski mbili kuna sinia la plastiki lenye unene wa milimita chache tu, na juu ya sinia hilo, pengine kwa nafasi ya kidole kimoja, kuna ekzosi, mabomba ya kulanti, nyaya na injini yenyewe. Nyuma ya hapo linaanza handaki la alumini ambamo mkanda wa mpira huzunguka na kuisukuma mashine. Penye theluji nene sinia hilo halina shida, maana linaelea juu ya theluji na kuteleza. Shida ni kisiki kilichofunikwa na theluji changa ya Novemba, au jiwe la kando ya mto ambalo upepo umelifagia likabaki wazi kwa juu kidogo tu. Hapo sinia hupasuka, na kilicho juu yake kinabaki bila kinga.

Ndiyo sababu ya kufunga bamba la tumboni. Wenye magari wanalijua wazo hili kutokana na bamba la chuma linalolinda sampu ya oili. Lakini kulifunga kwenye mashine ya theluji kuna masharti yake, na mengi hayatokani na mawe bali na baridi.

Huko kaskazini jambo hili halihusu mapambo. Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Québec, alimpoteza mwanawe mdogo Yvon majira ya baridi ya 1934 kwa sababu barabara zilizibwa na theluji na mtoto hakuweza kufikishwa hospitalini. Baba huyo aliendelea kuunda magari ya theluji, na mwaka 1959 kampuni yake ikatoa Ski-Doo, mashine ndogo ya mtu mmoja au wawili. Leo wawindaji wa Nunavut na wafugaji wa kulungu wa Kisami huko Lapland wanaitegemea kama sisi tunavyoitegemea bodaboda, na fundi wa karibu anaweza kuwa mbali kwa safari ya siku nzima. Huko Alaska kuna mashindano ya Iron Dog, yaliyoanza mwaka 1984, ambayo huvuka zaidi ya kilomita 3,000 za nyika. Sehemu moja maarufu ya njia za huko inaitwa Farewell Burn, eneo lililoungua kwa moto wa msitu miaka ya 1970. Mara nyingi theluji yake ni haba, na mashine hupigwa na vishungi vya nyasi vilivyoganda vikawa vigumu kama magogo. Dereva asiye na kinga ya tumbo mahali pale anaiweka rehani safari yake yote.

Sasa tuje kwenye bamba lenyewe. Zipo za alumini, na zipo za plastiki nzito ambayo madukani huandikwa UHMW, yaani aina ya polithini yenye molekuli ndefu mno. Mimi nachagua plastiki bila kusita. Alumini ikigongwa hubonyea, na ikishabonyea hubaki hivyo hivyo, ikilibana sinia na kuigusa ekzosi. Plastiki hii hubonyea ikarudi. Inateleza sana, theluji haiing'ang'anii, na inastahimili msuguano kiasi kwamba daktari wa Uingereza John Charnley aliichagua mwaka 1962 kwa kutengenezea viungo bandia vya nyonga, na mpaka leo iko ndani ya miili ya watu wengi. Tena ni nyepesi: kipande cha mita moja kwa nusu mita chenye unene wa milimita 6 hakifiki kilo 3, wakati cha alumini cha vipimo hivyo hivyo kinapita kilo 8. Na baridi kali haiifanyi ikatike kama kioo. Jihadhari na plastiki za bei rahisi zinazofanana nayo kwa sura; polipropilini ya kawaida, kwa mfano, huanza kuwa dhaifu karibu na nyuzi sifuri, na ikipata pigo la kisiki katika nyuzi 25 chini ya sifuri itapasuka vipande.

Hata hivyo plastiki hii ina tabia moja inayowaponza mafundi wengi. Hunywea sana ikipata baridi. Ukilifunga bamba la urefu wa mita moja ndani ya karakana yenye joto la nyuzi 20, kisha ukaitoa mashine nje kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, bamba litapungua urefu kwa milimita 7 hadi 10. Handaki la alumini na viungo vya mbele havitapungua hata milimita 2. Sasa fikiria bolti nane zilizokazwa kwa nguvu zote pande zote mbili. Bamba linataka kufupika, chuma hakitaki, na kinacholipa ni matundu: ama yanachanika kuelekea ukingoni, ama ribiti zinang'oka kwenye sinia na kuacha nyufa. Mwenye mashine hulaumu jiwe, kumbe jiwe halikuwepo. Yote hayo yalitokea usiku mashine ikiwa imeegeshwa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kaza mbele, legeza nyuma. Mstari wa bolti za mbele ndio unaobeba kazi, kwa sababu pigo hutoka mbele kwenda nyuma; hizo toboa matundu yanayolingana nazo barabara. Kuanzia hapo kwenda nyuma, kila tundu lifanye kuwa la mviringo mrefu unaofuata urefu wa mashine, na kadiri unavyosogea nyuma ndivyo lirefuke. Bolti ya milimita 6 kwenye mstari wa mwisho ipewe mfereji wa milimita 16 hivi. Kama unafunga karakanani kwenye joto, bolti isikae katikati ya mfereji. Iache karibu na ncha ya mbele, maana bamba likinywea litavutwa kwenda mbele na mfereji utasogea pamoja nalo. Weka washa pana chini ya kichwa cha bolti, na kwa ndani weka nati zenye pete ya nailoni, ambazo hazifunguki hata zisipokazwa mpaka mwisho. Ukimaliza, shika ukingo wa nyuma kwa mikono miwili uusukume. Lazima usogee kidogo. Usiposogea, umekaza mno.

Ikiwa kinga yako ni ya vipande viwili, vipandanishe kwa kufuata mwelekeo wa safari: mkia wa kipande cha mbele upite chini ya kichwa cha kile cha nyuma, ili kisiki kinapoteleza kisikute ukingo wa kukwama. Ukingo wa mbele kabisa upindwe juu na ulale kwenye sinia bila mwanya. Mwanya wa mbele huchota theluji, theluji inashindiliwa ndani, inaganda usiku, na kesho yake una tofali la barafu linalolisukuma bamba mbali na mashine.

Kukata ni kazi rahisi mradi utumie msumeno wa umeme wenye meno makubwa, tena kwa mwendo wa taratibu. Meno madogo huleta joto, plastiki inayeyuka, na nyuma ya msumeno inajigandisha tena kana kwamba hukukata kitu. Gundi usijisumbue nayo, haishiki kwenye plastiki hii. Kuipinda unahitaji bunduki ya hewa moto na subira. Ipinde zaidi kidogo ya unavyotaka, kwa kuwa ikipoa itarudi nyuma.

Kabla ya kutoboa sinia au handaki, simama kwanza. Ondoa viti na vifuniko vya ubavuni utazame kwa ndani, kila tundu moja moja. Kwenye handaki la mashine nyingi mmepita vipoza joto vyenye kulanti, ambavyo hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda. Biti ya drili ikitoboa hapo, umenunua kazi ya siku mbili. Zungusha utepe kwenye biti kuonyesha kina unachokitaka, na drili ikifika kwenye utepe, acha. Inapowezekana tumia matundu ya ribiti za kiwandani: toa ribiti ya zamani, weka bolti mahali pake.

Yapo mambo mawili ambayo siwezi kuyapitia haraka, kwa sababu yanahusu moto. La kwanza, ekzosi. Katika mashine nyingi hutokea chini, kwenye tundu la sinia, na joto lake ni la mamia ya nyuzi, ilhali plastiki yetu huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 130. Kata uwazi mkubwa kuliko tundu lenyewe pande zote, wala usiondoe karatasi ya fedha ya kuzuia joto iliyowekwa na kiwanda. La pili, matundu ya kutolea maji. Sinia lina vitundu vidogo ambavyo theluji iliyoyeyuka hupitia, na petroli au oili ikivuja hupitia hapo hapo. Fundi mwenye haraka huvifunika vyote kwa bamba. Matokeo yake petroli inakaa kwenye dimbwi chini ya injini yenye moto. Toboa matundu yanayokutana na yale ya kiwanda, tena makubwa kuliko yale, ili bamba likisogea yasizibane.

Bolti za chuma cha pua zikigusa alumini huila polepole, hasa mahali ambapo chumvi ya barabarani hufika, kama wanapoegesha mashine kwenye trela majira yote ya baridi. Kipande chembamba cha plastiki chini ya washa, na grisi kidogo, vinatosha kuzuia hilo.

Baada ya safari ya kwanza, kagua nati zote. Mwisho wa msimu, fungua bamba lote, safisha, tazama sinia kama lina nyufa. Na kwa wenzetu walioko Minnesota, Alberta au Finland wanaotafuta mashine ya mkono wa pili: bamba linaweza kuficha sinia lililovunjika na handaki lililopinda. Mwombe muuzaji alifungue mbele yako kabla hujatoa pesa. Akikataa, nenda ukatafute nyingine.