Ushauri wa Kitaaluma kwa Wanafunzi wa Fani za Biashara Kabla na Baada ya Udahili: Mtazamo Kutoka Kagerankanda, Mkoa wa Kigoma

Makala hii inafafanua namna ushauri wa kitaaluma unavyopaswa kumfikia kijana anayekusudia kusoma fani za biashara katika chuo kikuu, hususani yule anayetoka Kagerankanda, wilayani Kasulu, na vijiji vya jirani vinavyoelekea Kibondo. Hoja inayoiongoza ni kwamba maamuzi mengi yanayomfanya mwanafunzi ahitimu au aachie masomo njiani hufanywa muda mrefu kabla hajakanyaga chuoni, tena hufanywa wakati ambapo hana mtu wa kumuuliza. Ushauri unaotolewa katika wiki ya kwanza ya muhula humkuta baadhi ya milango imekwisha kufungwa.

Dhana ya ushauri wa kitaaluma, kama inavyotumika katika vyuo vikuu vya Tanzania, humhusu mhadhiri aliyepangiwa kundi la wanafunzi ili awaongoze katika uchaguzi wa kozi, mwenendo wa masomo na matokeo yao. Katika makala hii dhana hiyo imepanuliwa kwa makusudi. Inamhusu pia mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya kata, mtendaji wa kijiji anayesaini fomu, na hata mwenye duka la steshenari anayejaza maombi kwa niaba ya mwombaji. Huyu wa mwisho hakuna aliyempa jukumu la kushauri, lakini mara nyingi ndiye anayeulizwa swali la mwisho kabla ya kitufe kubonyezwa.

Mazingira ya Kagerankanda

Nyanda za juu za Kigoma hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia takribani Oktoba hadi Mei. Mahindi, maharage na mihogo ndiyo yanayobeba matumizi ya kaya nyingi, na bonde la Kagerankanda linafahamika kwa rutuba yake. Linafahamika pia kwa mgogoro wa muda mrefu wa ardhi kati ya wakulima na hifadhi ya msitu wa Makere Kusini. Jambo hili si la pembeni katika mjadala wa udahili. Kaya isiyo na hakika ya shamba la msimu ujao haiwezi kupanga ada ya miaka mitatu kwa namna ambayo kaya ya mtumishi wa umma inaweza kupanga.

Kuna pia historia. Wakati wa ukoloni, Buha ilihesabiwa kuwa chimbuko la manamba wa mashamba ya mkonge kuliko kuwa mahali pa kujenga shule. Hivi leo shule za kata zipo, na barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa takribani kilomita 260, imepunguza umbali kwa kiasi kikubwa. Kilichobaki nyuma ni maarifa ya ndani ya familia kuhusu chuo. Mtoto wa mhadhiri huyapata maarifa hayo mezani wakati wa chakula, ilhali mtoto wa mkulima wa Kagerankanda huyatafuta kwa nauli.

Pale uamuzi unapofanyika kweli

Ili kuliona tatizo, tumchukulie mwanafunzi wa kubuni. Amemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu mzuri wa Historia, Jiografia na Kiswahili, lakini ameshindwa Hisabati. Hali hiyo si ya ajabu, kwani kwa miaka mingi Hisabati imekuwa somo ambalo sehemu kubwa ya watahiniwa nchini hawafaulu. Anapangiwa tahasusi ya sanaa, anafanya vizuri kidato cha sita, kisha anaamua kusoma uhasibu kwa sababu amesikia kuwa wahasibu hawakosi kazi.

Hapa ndipo watu huchanganya mambo mawili. La kwanza ni sifa ya chini ya kitaifa inayowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU): ufaulu wa masomo mawili katika ngazi kuu, wenye jumla ya alama zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hesabu hiyo D mbili zinatosha, C moja na E moja zinatosha, lakini E tatu hazitoshi. La pili ni sifa mahususi za programu. Masomo hayo mawili yanapaswa kuwa yale yanayoitambulisha programu husika, na programu nyingi za uhasibu, fedha na biashara hudai pia ufaulu wa Hisabati, ama wa kidato cha nne ama wa somo la ziada la hisabati, maarufu kama BAM, katika kidato cha sita. Mwanafunzi wetu ana sifa ya kitaifa bila ya kuwa na sifa ya programu. Akiambiwa nyumbani kwamba “amefaulu kwenda chuo”, ameambiwa ukweli. Akiomba uhasibu katika vyuo vitatu na kukosa vyote, huo nao ni ukweli, na kwa mzazi aliyelipa ada ya maombi mara tatu kweli hizo mbili haziingiliani kichwani.

Mshauri ambaye angemsaidia alipaswa kukutana naye miaka miwili nyuma, pengine minne. Waraka wa elimu wa mwaka 2002 uliagiza huduma ya ushauri nasaha iwepo shuleni, lakini katika shule nyingi mwalimu mwenye jukumu hilo ana vipindi kamili vya kufundisha na hana saa iliyotengwa. Matokeo yake, ushauri huwa wa nidhamu zaidi kuliko wa taaluma. Hali inabadilika kidogo kwa upande wa mitaala. Mwaka 2024 idadi ya tahasusi za kidato cha tano ilipanuliwa na kufikia 65, zikiwemo za kundi la masomo ya biashara, na mtaala mpya wa sekondari umeiweka Elimu ya Biashara miongoni mwa masomo ya lazima. Hata hivyo, mwandishi anaona kwamba wingi wa tahasusi huongeza haja ya ushauri badala ya kuipunguza. Aliyekuwa na njia chache za kupotea sasa anazo nyingi.

Ipo njia nyingine ambayo huko vijijini hutajwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni ya walioshindwa. Mwenye ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, yasiyo ya dini, anaweza kuanza astashahada ya awali katika chuo kinachosimamiwa na NACTVET, kisha akasoma stashahada. Akipata wastani wa alama usiopungua 3.0 katika stashahada hiyo, anaweza kuomba shahada. Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) ina kampasi mkoani Kigoma, na kwa kijana wa Kasulu hilo linamaanisha kuwa njia hii haimlazimu kwenda Dar es Salaam. Lakini mshauri asiipambe. Kwa kawaida njia hii huchukua miaka mitatu badala ya miwili ya kidato cha tano na cha sita. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za umma ilifutwa mwaka 2022, wakati astashahada hulipiwa. Mikopo ya stashahada iliyoanza mwaka wa masomo 2023/24 ilielekezwa kwenye fani za kipaumbele kama afya, ualimu na kilimo, na mwanafunzi wa uhasibu hakuwa mlengwa wake. Anayechagua njia hii anapaswa kujua kwamba mahindi ya nyumbani ndiyo yatakayomlipia.

Kalenda mbili zisizopatana

Tangu mwaka 2017 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja kwa kila chuo, baada ya kuachwa kwa mfumo wa pamoja ulioanza mwaka 2010. Kwa kawaida dirisha la kwanza hufunguliwa Julai, baada ya matokeo ya kidato cha sita kutangazwa. Katika kipindi hichohicho wahitimu wengi wako katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, na hawana uhuru wa kutumia simu wala kwenda mjini. Mkoa wa Kigoma wenyewe una kambi kama Mtabila, Kanembwa na Bulombora, lakini kijana wa Kagerankanda anaweza kupangiwa kambi ya mkoa mwingine kabisa. Maofisa wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) wamewahi kuzitembelea kambi ili kutoa elimu ya mikopo, jambo la kupongezwa. Pamoja na hayo, nyaraka zinazohitajika ziko nyumbani, na anayezishika ni mzazi.

Kwa hiyo maandalizi yafanyike kabla ya kijana kuondoka. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA. Aliyefiwa na mzazi ahakikishe pia cheti cha kifo. Namba ya mtihani ya kidato cha nne itakayotumika kuomba chuo iwe ileile itakayotumika kuomba mkopo, na aliyerudia mtihani aziandike namba zake zote. Kaya iliyo katika mpango wa TASAF iwe na uthibitisho wake. Fomu ya mkopo hupita kwa serikali ya kijiji au mtaa na kwa kamishna wa viapo, na wa pili huyo hapatikani kila kijiji. Safari moja ya Kasulu mjini yenye nyaraka zote ni nafuu kuliko tatu zenye nyaraka nusunusu.

Linalostahili kusemwa kwa mkazo zaidi ni namba ya simu na anwani ya barua pepe. Mwombaji aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa kutumia namba maalumu ya siri, inayotumwa kupitia mawasiliano aliyoyaweka wakati wa kuomba. Mwenye steshenari akiweka namba yake mwenyewe ili kazi iende haraka, ujumbe huo utafika kwake, labda akiwa amekwisha kuhama au amebadilisha laini. Nafasi ya chuo inaweza kupotea kwa njia hiyo bila ya mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Upande wa pili wa kalenda ni wa mavuno. Mahindi huvunwa kati ya Mei na Julai, na bei yake huwa chini wakati huo kwa sababu kila mtu anauza. Chuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Mzazi anayeuza gunia zote Julai ili “kuandaa safari” huwa ameuza kwa bei ya chini miezi kadhaa kabla ya ada kudaiwa, na fedha iliyokaa ndani ya nyumba haikosi mgonjwa wala msiba. Kwa kuwa vyuo vingi hupokea ada kwa awamu, mshauri anaweza kukaa na familia na kugawa mazao: kiasi cha kuuza sasa kwa ajili ya nauli na usajili, na kiasi cha kuhifadhi vizuri hadi awamu inayofuata. Hili ni somo la biashara kamili, na kijana anayekwenda kusomea fedha angeweza kulifanya yeye mwenyewe kwa daftari.

Biashara ipi?

Wazazi wengi huliona neno biashara kama jambo moja, na vyuo navyo huchangia kwa majina ya programu yanayofanana. Tofauti huonekana baada ya kuhitimu. Anayetaka kuwa mhasibu aliyesajiliwa atakutana na mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mwenye shahada ya uhasibu husamehewa baadhi ya masomo ambayo mwenye shahada ya fani nyingine hulazimika kuyafanya. Ununuzi na ugavi una bodi yake (PSPTB), iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Usimamizi wa biashara na masoko hutoa uwanja mpana zaidi, lakini havina mlango wa kitaalamu ulio wazi namna hiyo. Kwa familia inayotegemea ajira ya mtoto mmoja kuwainua wadogo zake, tofauti hii inapaswa kuelezwa kabla ya fomu kujazwa.

Baada ya usajili

Chuoni, mwanafunzi hukutana na hesabu ya krediti. Shahada ya miaka mitatu hudai krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120, na vipindi vya darasani ni sehemu tu ya saa hizo. Anayedhani kuwa kuhudhuria mihadhara ndiyo kusoma hulitambua kosa lake matokeo ya muhula wa kwanza yanapobandikwa. Kwa wanafunzi wa biashara, kozi zinazoangusha mara nyingi ni zile za takwimu na hisabati za biashara, yaani lile pengo la kidato cha nne limerudi kwa jina jipya. Wastani unaposhuka chini ya 2.0 mwanafunzi yuko katika hatari ya kuondolewa, na mshauri wa kitaaluma anapaswa kuyaona matokeo ya majaribio ya katikati ya muhula, asisubiri ya mwisho.

Lipo jambo la mwisho, dogo kwa karatasi, ambalo wanafunzi wanaotoka mbali hulijua wakiwa wamechelewa. Mwanafunzi aliyeishiwa ada anaweza kuomba kuahirisha masomo kwa barua, kupitia idara yake, kabla ya tarehe iliyowekwa na chuo, akiambatanisha uthibitisho wa sababu. Akikubaliwa, nafasi yake hubaki, na wenye mkopo huwasilisha kibali hicho kwa ofisi ya mikopo ya chuo ili HESLB ipate taarifa. Anayefunga begi na kurudi Kagerankanda kimyakimya kwa kuona aibu huhesabiwa kuwa ameacha masomo, na akitaka kurudi baada ya mavuno mazuri hulazimika kuomba udahili upya. Barua hiyo ni ya ukurasa mmoja. Mshauri awe na mfano wake mezani, na mwanafunzi aonyeshwe tangu wiki ya usajili jinsi inavyoandikwa, nani huipokea na tarehe ya mwisho ni ipi.