Vyombo Safi, Maji Kidogo: Okoa Mtungi Mmoja kwa Siku

Mteja wetu, kama unaishi Kenyenya au sehemu nyingine ya Gusii, unajua jambo ambalo mgeni huwa haelewi: mvua inanyesha miezi mingi ya mwaka, lakini maji ya nyumbani bado yanagharimu. Nyumba nyingi ziko juu mlimani, chemchemi iko bondeni. Ama unashuka na mtungi na kuupandisha mwenyewe, ama unamlipa mwenye punda au boda boda akuletee. Januari na Februari jua likikaza, foleni kwa chemchemi inakuwa ndefu. Aliye na mfereji nyumbani naye anangoja bili.

Malipo hayo mengi siku hizi yanapita kwa simu, shilingi chache chache, na hiyo ndo pesa rahisi kusahau. Leo tuangalie kazi moja inayokunywa maji kila siku bila sisi kuona: kuosha vyombo.

Maji yanaenda wapi?

Hebu pima. Weka mtungi wa lita 20 chini ya mfereji, ufungue kama unavyofungua ukiosha vyombo, kisha utazame saa. Ukijaa kwa dakika mbili, mfereji wako unatoa lita 10 kwa dakika. Ukisuuza sahani kwa dakika tano bila kuufunga, umetumia lita 50, yaani mitungi miwili na nusu.

Anayechota kwa mtungi naye hupoteza kwa njia nyingine: anamwagia kila sahani maji kwa jagi, mafuta yanachafua beseni mapema, anamwaga na kuanza upya.

Fanya hivi

1. *Kwarua kwanza.* Mabaki ya ugali na chinsaga yaende kwa kuku au shimo la mbolea, si kwenye beseni. Sufuria ya ugali, ukishapakua tu, itie kikombe kimoja cha maji na uifunike. Mkimaliza kula, ukoko utakuwa umelegea wenyewe.

2. *Panga vyombo.* Anza na glasi na vikombe, halafu sahani na vijiko, sufuria za mafuta ziwe mwisho. Ukianza na sufuria, maji yameisha kazi kabla hujagusa kikombe.

3. *Tumia mabeseni mawili.* La kwanza lita nne hivi na sabuni, la pili lita tano za kusuuza. Usizidishe sabuni, povu jingi linataka maji mengi ya kuliondoa.

4. *Sogeza maji.* Maji ya kusuuza yakianza kuwa na povu, yatumie kusugulia sufuria, kisha uweke mengine masafi ya kusuuza. Hata ukibadilisha mara moja, jumla ni kama lita 14. Mtungi mmoja haujaisha.

5. *Anika.* Kichanja kilicho juani kinakausha vyombo vizuri kuliko kitambaa kilichofuta meza asubuhi.

Maji yanayobaki si ya kutupwa. Yasuguliwe sakafu ya choo au yamwagwe kwa migomba. Yale yenye mafuta na sabuni nyingi yasiende kwa mboga.

Mahali pa kutobana

Usibane maji ya mwisho ya kusuuza, maji ya kunawa mikono, wala ya vyombo vya mtoto. Kuokoa mtungi mmoja kisha kupeleka mtoto hospitali kwa kuhara ni hasara, si akiba. Na maji ya chemchemi, hata yakionekana safi namna gani, ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Sasa hesabu

Tuseme mtungi kwenu ni shilingi 10. Kama ni zaidi, weka bei yako. Ukiokoa mtungi mmoja kwa siku, kwa siku 30 ni shilingi 300, na kwa mwaka ni 3,650. Kwa mwenye mita, yuniti moja ni lita 1,000, sawa na mitungi 50. Mtungi mmoja kwa siku ni lita 600 kwa mwezi, zaidi ya nusu yuniti.

Lakini pesa iliyookolewa ikikaa kwa salio la kawaida, itaisha kwa mambo madogo madogo. Kila jioni ambayo hukununua mtungi wa ziada, hamisha ile shilingi 10 kwenda akaunti yako ya akiba kwa simu. Mwisho wa mwezi, fungua taarifa ya akaunti uone ulimlipa mwenye maji mara ngapi. Ukitaka kupunguza malipo ya mara kwa mara, patana naye umlipe mara moja kwa wiki, maji yakiwa yameshafika. Angalia ada kabla ya kutuma, na hakikisha jina linalotokea ni lake kabla ya kuweka PIN.

Akiba hiyo inaweza kununua gata na pipa. Kila mita moja ya mraba ya paa, ikipata milimita moja ya mvua, hutoa lita moja. Paa la mabati la mita 6 kwa 5, mvua ya milimita 10 ikinyesha, hupokea lita 300, yaani mitungi 15. Hata baadhi yakimwagika, kazi ya vyombo ya wiki nzima imepata maji. Acha tu mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa kabla ya kukinga.

Anza leo jioni na sufuria ya ugali. Kikombe kimoja cha maji, funika, kula kwanza.