Lishe ya mshipani: Tiba inayookoa watoto, na hatari zake

Mtoto ambaye utumbo wake hauwezi kufyonza chakula hufa kwa njaa hata akilishwa mchana na usiku. Hadi miaka ya 1960 hiyo ndiyo iliyokuwa hatima ya watoto wengi waliozaliwa na utumbo mfupi mno, au waliokatwa sehemu kubwa ya utumbo kutokana na maradhi.

Mnamo mwaka 1967, mjini Philadelphia nchini Marekani, madaktari walimlisha mtoto mchanga wa kike kupitia mshipa wa damu pekee. Walitumia mbinu ya daktari Stanley Dudrick na wenzake, ambao awali walikuwa wamewakuza watoto wa mbwa kwa njia hiyo. Mtoto huyo hatimaye alifariki dunia, lakini kabla ya hapo aliongezeka uzito na kukua, jambo ambalo wengi waliamini haliwezekani.

Namna inavyofanywa

Dripu ya kawaida ya mkononi haitoshi, kwani sukari nyingi huunguza mishipa midogo. Mrija mwembamba hupitishwa hadi kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo, ambako damu nyingi huizimua lishe upesi. Mchanganyiko wake una maji, sukari, amino asidi, mafuta, vitamini na madini. Katika nchi tajiri, wazazi waliofunzwa huwapa watoto wao lishe hiyo nyumbani, aghalabu usiku.

Mlango wa vijidudu

Hata hivyo, mrija huo ni mlango unaofika moja kwa moja kwenye damu. Vijidudu vikiupitia, mtoto anaweza kufa kwa muda mfupi. Ndiyo maana homa ya mtoto mwenye mrija haichukuliwi kuwa homa ya kawaida. Ni dharura, na mtoto hupelekwa hospitali mara moja ili damu yake ipimwe na apewe viuavijasumu.

Hatari ya pili ni ya ini. Kwa watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, nyongo hutuama ndani ya ini, macho na ngozi vikawa vya manjano. Hali ikiendelea, ini hujaa makovu na kushindwa kufanya kazi. Miongoni mwa sababu zake ni kukosa chakula tumboni, maambukizo ya mara kwa mara, na mafuta ya soya yaliyotumika kwa miaka mingi katika lishe hiyo.

Katika miaka ya 2000, daktari Mark Puder na mfamasia Kathleen Gura wa mjini Boston walijaribu kuyaondoa mafuta ya soya na kutumia ya samaki. Kwa watoto wengi nyongo ilianza kutiririka tena, ingawa makovu yaliyokwishajengeka yanaweza kubaki. Marekani iliidhinisha mafuta hayo kwa watoto wa aina hii mwaka 2018.

Utumbo wenyewe

Lengo la tiba, hata hivyo, ni kumwondoa mtoto kwenye mrija. Utumbo wa mtoto mchanga bado unakua, na chakula ndicho kinachouamsha. Kwa hiyo madaktari humpa maziwa, ya mama yakipatikana, hata kama ni matone machache, kisha huyaongeza kidogo kidogo. Ipo pia dawa ya teduglutaidi inayousaidia utumbo kufyonza zaidi, iliyoidhinishwa kwa watoto wa kuanzia mwaka 1 barani Ulaya mwaka 2016 na Marekani mwaka 2019. Baadhi ya wale ambao lishe ya mshipani imewashinda hupandikizwa utumbo mwingine.

Pamoja na hatari zake zote, kuikosa tiba hii ni hatari kubwa zaidi. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa, kati ya watoto waliozaliwa na matumbo yakiwa nje ya mwili, takriban 9 kati ya 10 walifariki dunia katika nchi maskini. Katika nchi tajiri walifariki chini ya 2 kati ya 100. Ukosefu wa lishe ya mshipani ni mojawapo ya sababu za tofauti hiyo.