Injini Kubwa au Ndogo: Askari Anunue Gari Gani?

Haupiti mwaka bila askari wetu kadha wa kadha kuchukua mkopo katika chama cha ushirika na kushuka Kampala kutafuta gari. Tumewaona wakizunguka katika yadi za magari yaliyokwisha kutumika Japani, na tumeyasikia maswali yao. Huyu auliza, "Linakwenda mbio?" Yule auliza, "Linakula mafuta?" Ni wachache mno waulizao swali linalotangulia yote mawili, yaani gari hilo litakwenda wapi na litabeba nini.

Sajini mmoja tunayemfahamu, mwenyeji wa Kisoro, alichagua gari dogo lenye injini ya lita 1.3, kwa kuwa dalali alimwapia kwamba halinywi petroli. Dalali alisema kweli, maadamu gari lilikuwa mjini likiwa na mtu mmoja. Ilipofika likizo, sajini alipakia mke, watoto watatu, sukari na katoni za sabuni. (Watu walikuwa watano, hivyo ndugu zetu wa trafiki hawana neno.) Milima iliyo baina ya Kabale na Kisoro ikamfundisha mengine. Kona za Kanaba alizipanda kwa gia ya kwanza, mguu umekanyaga hadi sakafuni, huku malori yakimpigia honi kwa nyuma. Injini ndogo ikishurutishwa hivyo huzunguka kwa kasi kubwa na kumwagiwa petroli nyingi, na ile akiba iliyoahidiwa hutoweka.

Tena kuna jambo la hewa. Mji wa Kabale uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza kiasi cha asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Hivyo ikifika Kabale imekwisha kupungukiwa na karibu sehemu moja kwa tano. Turbo huisukumia injini hewa, ndiyo maana yenye turbo haidhoofiki sana milimani.

Hatusemi kwamba kila mtu akanunue injini kubwa. Injini kubwa ya petroli ikifanya kazi ndogo huwa na hasara, kwa sababu mlango wa hewa umefungwa karibu wote, nayo hutumia nguvu kuivuta hewa kupitia upenyo huo. Askari ambaye safari yake ni kutoka kambini hadi sokoni, na nusu ya muda amesimama katika msongamano wa magari, injini ya lita 1.5 yamtosha kabisa.

Wala nguvu za farasi zisimdanganye mtu. Toyota Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2 na silinda 6, ina nguvu za farasi takriban 130. Toyota Premio ya kwanza, yenye injini ya petroli ya lita 1.8, ina kiasi hicho hicho! Lakini ile ya dizeli hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha magurudumu kwenye mizunguko 2,200 tu kwa dakika, na nguvu hiyo yaizidi ya Premio kwa zaidi ya nusu. Premio haina budi kupita mizunguko 4,000 kabla ya kufikia upeo wake. Ndiyo sababu Land Cruiser huondoka mlimani na kikosi kizima mgongoni bila kupiga kelele.

Sajini wetu aliliuza gari lake, akaongeza fedha, akachukua la lita 1.8. Siku hizi hujaza tangi pomoni, huandika kilomita katika daftari, na akijaza tena hugawanya kilomita kwa lita. Mjini anatumia petroli zaidi kidogo kuliko zamani. Safari ya Kisoro ilimgharimu karibu sawa na ile ya kwanza, ila Kanaba aliipanda kwa gia ya tatu, na watoto walikuwa wamelala.