Mtoto wa selimundu atakatiwa bima na nani?

Kampuni ya bima hutafuta mteja angali mzima. Ndiyo maana fomu yake huuliza mapema kama una kisukari, saratani au figo zinazosumbua. Ukikiri, mara nyingi utatozwa zaidi, utasubirishwa au ugonjwa huo utaondolewa kwenye mkataba. Mtoto wa Bungoma aliyezaliwa na selimundu hana hata siku moja ya uzima ya kuiuzia kampuni.

Selimundu imeenea magharibi mwa Kenya kwa sababu ya malaria. Jeni yake ikirithiwa kwa mzazi mmoja, humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Ikirithiwa kwa wazazi wote wawili, huleta maumivu, upungufu wa damu na dawa za maisha. Ni ukatili kumtoza mtoto gharama ya damu aliyorithi.

Wanaotetea bima ya kibinafsi husifu huduma yake ya haraka. Mwenye mshahara mnono na afya njema aikate. Mgonjwa aliyekataliwa, naamini, ataokolewa tu na mfuko unaochangiwa na wote, wazima kwa wagonjwa.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024, haimuulizi mtu ugonjwa wake kabla ya kumsajili. Hulipia Sh10,650 kila mara mgonjwa wa figo anaposafishwa damu. Kwa mara mbili kwa wiki, hizo ni Sh85,200 kwa wiki nne. Kwa bei ya serikali ya mwaka 2023, Sh4,000 kwa gunia la mahindi la kilo 90, mkulima wa Kitale anayejilipia angeuza zaidi ya magunia 21 kila mwezi. Wangapi wanayo?

Lakini mfuko huo una kasoro inayoumiza. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mkulima na mwendesha bodaboda hutakiwa kutoa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua Sh3,600. Mkulima wa Trans Nzoia hushika pesa baada ya mavuno. Ukimdai Aprili, ameshazimaliza kwa mbolea na mbegu. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole humpunguzia makali, ila ni mkopo.

Tena kadi pekee haitibu. Huduma ya bure kwa wajawazito ilitangazwa Juni 2013. Agosti mwaka huohuo, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya wilaya ya Bungoma. Machi 2018 Mahakama Kuu mjini humo iliamuru alipwe Sh2.5 milioni kwa haki zake kukiukwa. Tangazo lilifika Bungoma bila vitanda.

Serikali iwalipie wasio na chochote, na michango ya wakulima ikusanywe msimu wa kuuza mahindi. Nawe msomaji, jisajili kwa *147# ukiwa mzima na uwaingize watoto wako. Kujisajili ni bure.