Mikono Juu Si Fote



Katika mechi ya basketi ya darasa la tano na la sita, mwamuzi nilikuwa mimi, hata kama niko wa la sita. Zilibaki dakika 2. Muchezaji mumoja mufupi wa la tano alikuwa amesimama mbele ya kitunga, mikono juu. Mukubwa wa kwetu akakuja mbio, akaruka, akamugonga kifua, wakaanguka wote wawili. Watu wakalia: «Fote! Alimupiga!» Nikapiga filimbi, nikamuhesabia yule mufupi fote yake ya 5. Akatoka na machozi. Sisi tukashinda. Nyuma nikasoma kanuni za FIBA, nikaona kama nilikosa.

Kwanza, kugusana tu si fote. Watu 10 katika uwanja mumoja hawawezi kukosa kugusana. Mwamuzi anauliza: nafasi ilikuwa ya nani, na nani aliiingilia?

Pili, kila muchezaji iko na nafasi yake kama pipa lililosimama. Mbele inafika kwenye viganja vyake, nyuma kwenye matako, upande kwenye mikono na miguu. Pipa hili halina mufuniko. Mulinzi anaweza kunyoosha mikono juu, anaweza hata kuruka wima, na hewa ile ni yake. Lakini afike mbele mwenzake hajaruka, amuelekee, na miguu yote miwili ikanyage chini. Akiingia chini ya mutu aliyekwisha kuruka, amechelewa.

Tatu, mulinzi akilaza mikono juu ya mwenye kutupa mupira, au akimurukia, ametoka katika pipa lake na fote ni yake. Mupira ukiingia, goli linahesabiwa na mutupo 1 wa bure. Usipoingia, mitupo ni 2, au 3 kama alitupa toka mbali nyuma ya mustari. Lakini mushambuliaji akimugonga mulinzi aliyesimama vizuri, fote ni ya mushambuliaji. Njo vile ilikuwa siku ile.

Dikembe Mutombo, mutoto wa Kinshasa aliyekufa mwaka 2024, alikuwa na metre 2,18. Alizuia mipira 3.289 katika NBA. Hata yeye aliporuka, hewa ya mwingine haikuwa yake. Pipa la mufupi nalo linapanda juu.

Mwalimu James Naismith alianzisha mchezo huu mwaka 1891 katika shule ya YMCA, Springfield, Marekani. Katika kanuni zake 13 za kwanza alikataza kusukumana na kupigana bega. Alitaka mchezo usio wa nguvu.

Nimekwisha kumuomba ndugu yule musamaha mbele ya darasa lake. Matokeo hayageuki tena. Basi, mbele ya kulia «fote», tutazame miguu kwanza, kisha mikono. Na wewe utakayeshika filimbi nyuma yangu, usihukumu kwa kelele.

Mukubwa wa wanafunzi, darasa la sita